Tafadhali Tangulia

Nchi yangu ya Staha haimo kwenye ramani. Wachora ramani walikuja siku moja wakabisha hodi mpakani, tukawaitikia karibu. Wao wakasema asante, tangulieni wenyeji. Sisi tukasema hapana, tangulieni wageni. Jioni ilipoingia wakaenda zao kuchora nchi ya jirani, ambako watu husukumana. Hatukuona ubaya wowote. Anayetaka kutujua atauliza, na akiuliza kwa adabu atajibiwa.

Nataka kusimulia habari za mlango wa Jumba la Mafao, na ninayo haki ya kuzisimulia kwa sababu nilikuwa ndani. Nilikwenda asubuhi ile kuuliza jambo dogo tu, kama barua yangu ya mwaka juzi imefika au bado iko njiani. Yaliyotokea nje niliyapata dirishani, kwa kuwa Bi. Siwema, mke wa Mzee Hilali, hajui kunong'ona. Wenzangu mle ndani walikuwa wakiziba masikio kwa heshima. Mimi nilisahau kuziba.

Lazima nianze na Bawabu. Bawabu ni programu ya kompyuta inayofungua na kufunga milango yote ya serikali yetu. Zamani kazi hiyo ilifanywa na watu, lakini watu walikuwa wanasinzia, na walioamka walikuwa wanaomba chai. Serikali ikaandikisha programu. Na kwa kuwa sisi ni nchi ya uwazi, msimbo wake wote, mstari kwa mstari, umewekwa mtandaoni kila mtu ausome. Juu kabisa pameandikwa: Mali ya wote, karibu usahihishe. Mwananchi akiona kosa, anaandika sahihisho lake na kulipeleka Baraza la Ukaguzi. Wakaguzi wawili wanalisoma, wanatia saini, na sahihisho linaingia kwenye Bawabu. Waziri wa Urahisi, Mheshimiwa Teodosia Malale, aliwahi kutuambia redioni kwamba yako mataifa makubwa yanayoficha msimbo wa milango yao. Tuliwaonea huruma sana, wengine tukalia.

Aliyeandika Bawabu alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, akautia mlango adabu. Mtu wa nje akitaka kuingia, mlango unamwomba kwanza ampishe anayetoka. Mtu wa ndani akitaka kutoka, mlango unamwomba kwanza ampishe anayeingia. Kwa miaka mingi hapakuwa na tatizo, maana katika ofisi zetu watu wote huingia asubuhi na wote hutoka jioni. Ndipo ikafika Jumatatu moja. Mzee Hilali, dereva wa treni mstaafu, alikuwa amemaliza kuthibitishwa kwamba yu hai, kama wastaafu wetu wanavyotakiwa kila mwaka. Akafika mlangoni atoke. Wakati huohuo Mkurugenzi wa Jumba alikuwa anarudi kutoka kunywa chai, akafika mlangoni aingie.

Mlango ukamsubiri Mkurugenzi aingie ndipo Hilali atoke, na ukamsubiri Hilali atoke ndipo Mkurugenzi aingie. Ukatulia hivyo. Milango ya nyuma nayo ikakataa kufunguka kabla ya mlango mkuu, maana ni midogo. Mkurugenzi alingoja kidogo, akaenda nyumbani, na tangu siku hiyo anafanyia kazi huko, na taarifa ya mwaka inasema utendaji wake umeongezeka. Mlango uliendelea kumsubiri, nasi tukabaki. Redio ilitangaza kwamba hatukufungiwa. Tulikuwa wageni wa taifa ambao mazungumzo yao na mlango yalikuwa yanaendelea.

*

Bi. Siwema alikuja mchana na sufuria ya wali na maharage. Mwanamke huyu anaandika programu za mashine za kusaga za chama cha ushirika, na ana tabia ambayo majirani zake wameivumilia kwa muda mrefu: akiona kitu kimeharibika anasema kimeharibika. Alisimama chini ya dirisha la mapokezi, akautoa msimbo wa Bawabu kwenye simu, akausoma. Chakula kilikuwa bado kina moto alipoliona kosa. Palepale akaandika mstari mmoja. Ulisema kwamba watu wawili wakisubiriana mlangoni, Bawabu ahesabu mpaka kumi, halafu amtoe anayetoka.

Akaipitisha sufuria kati ya nondo za dirisha. "Baba Chiku," akamwambia mumewe, "kula kidogo tu. Jioni utakula nyumbani."

Tulisikia wote. Tulifunga kamba za viatu.

Jioni yake likaja jibu kutoka Baraza la Ukaguzi. Lilikuwa jibu zuri. Liliuliza hali yake, hali ya watoto, hali ya mifugo kama ipo, likamshukuru kwa uzalendo wake, kisha likamweleza kwa masikitiko kwamba sahihisho lake limerudishwa kwa sababu limeanza bila salamu. Katika Staha hata mstari wa kompyuta hauingii mahali hivihivi. Siwema akaandika upya. Ukurasa mzima wa salamu, chini yake ule mstari mmoja, chini yake ukurasa wa kuaga. Safari hii likapokelewa kwa mikono miwili na kupelekwa kwa wakaguzi.

Nasema kwa fahari kwamba wakaguzi wetu ni watu wa heshima kuliko wakaguzi wa nchi nyingine yoyote. Mzee Tindwa na Mzee Bakuza wanakaa chumba kimoja, meza zinatazamana. Masahihisho wanachapishiwa kwenye karatasi, kwa maana wanasema kompyuta haina mahali pa kuegemeza kiwiko. Wamesoma kila sahihisho lililowahi kuletwa na wananchi, na mpaka siku ile walikuwa hawajapitisha hata moja.

Sababu yake ni adabu. Kwetu mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa shikamoo, na mkubwa ndiye anayetia saini kwanza. Sasa Mzee Tindwa na Mzee Bakuza walizaliwa mwaka mmoja, mwaka wa nzige, na mwezi hakuna aliyeuandika. Nani mkubwa? Ukimpa shikamoo mdogo wako umemzeesha, na usipompa mkubwa wako umemdharau. Kwa hiyo tangu wateuliwe hawajaamkiana. Kila mmoja akiingia asubuhi anasema "habari za humu" akiitazama kabati. Na kila karatasi ikija, Mzee Tindwa anaisoma, anaikubali moyoni, anaisogeza kwa mwenzake ili atangulie kusaini. Mzee Bakuza anaisoma, anaikubali moyoni, anairudisha. Karatasi ya Siwema ilikwenda na kurudi mpaka pembe zikawa laini. Nasikia Mzee Bakuza alimwambia mkewe kwamba hajawahi kusoma mstari mzuri namna ile.

*

Siwema alikwenda kwa Waziri wa Urahisi. Hakupiga kelele, ila alisema kwamba utaratibu huu ni mgumu. Neno hilo lilimgusa Mheshimiwa Malale, kwa kuwa wizara yake ilianzishwa ili lisitamkwe. Kesho yake akahutubia taifa, nasi tukamsikiliza kupitia redio ya askari wa zamu.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo hatua zote za kuleta sahihisho zimefutwa. Imebaki hatua moja. Hatua hiyo tumeigawa katika vipande vidogovidogo, ili mwananchi asiimeze nzima ikamkaba."

Tulipiga makofi. Mzee Hilali peke yake hakupiga, alikuwa ameshika sufuria.

Kipande cha kwanza kilikuwa mkaguzi wa tatu, aliyeteuliwa ili aseme nani mkubwa kati ya wale wawili. Alikuwa msomi wa mambo ya umri. Akaingia, akaketi, na kwa kuwa wote wawili walimzidi miaka, akaona si vizuri kufungua mdomo kabla yao. Basi karatasi ikawa inazunguka meza tatu.

Waziri hakukata tamaa. Akaagiza watie saini kwa pamoja, kengele ikilia. Kengele ikalia. Kila mmoja aliinua kalamu, akaisimamisha juu ya karatasi kidogo ili asikie kalamu ya mwenzake ikianza kukwaruza, asije akaonekana ana haraka. Hapakusikika kitu. Wakakaa hivyo mpaka mikono ikafa ganzi, na daktari akashauri zoezi lile lisirudiwe.

Ndipo likaja Azimio Kuu la Urahisi. Wakaguzi ni wachache, alisema Waziri, kumbe taifa zima lina macho. Kila raia sasa ni mkaguzi! Msimbo wa Siwema ukabandikwa mtandaoni, na watu wote wakakaribishwa kutoa maoni.

Maoni yakaja, na yote yalianza kwa pongezi. Mmoja alisema mstari ni mzuri sana ila kumi ni fupi, mzee mwenye magoti mabaya anahitaji ishirini. Mwingine akasema mzuri mno, ila neno "anayetoka" ni kavu, liwe "mheshimiwa anayetoka". Mwalimu mmoja akauliza kwa nini anayeingia hakutajwa kwa cheo. Chama cha mafundi seremala kikashukuru na kuomba mlango wenyewe usemwe ni wa mbao gani. Mjadala wa mbao ulichukua muda wote wa mvua za vuli. Siwema alibadilisha alichoambiwa, na kila alipobadilisha, waliosifu umbo la mwanzo walihuzunika, naye ikambidi awaombe radhi kwa maandishi.

Huku ndani, nisiseme uongo, hatukuteseka. Tulikuwa na kwaya, na darasa la kusuka mikeka. Kwa vile maofisa wa uhakiki nao walifungiwa na hawakuwa na kazi nyingine, Mzee Hilali alithibitishwa kuwa hai kila asubuhi. Hakuna mstaafu nchini mwenye ushahidi mwingi kama wake. Lakini alikuwa anakonda. Alizoea kulala karibu na dirisha la kwake, akigeukia ukuta wa kwake, na usiku nilimsikia akitaja majina ya stesheni moja baada ya nyingine, kutoka ya mwisho mpaka ya nyumbani.

*

Siku moja Siwema alikuja dirishani bila sufuria. Tukajua kuna neno.

"Baba Chiku," alisema, "nimechoka. Sitaki hatua, sitaki vipande. Nakutaka wewe. Nyumba iko kimya, sisikii mtu anakoroma, nashindwa kulala. Kesho naenda kuwa mkorofi."

Ndani wengine waliziba masikio. Lazima nieleze. Katika sheria zetu kuna kifungu ambacho wazazi hawakitaji mbele ya watoto. Kinasema mtu akikosa adabu ofisini, apewe anachotaka upesi, bila utaratibu wowote, ili aondoke. Watu wa nje watashangaa kwa nini hatukitumii kila siku. Ni kwa sababu ya sehemu yake ya pili. Jina la mkorofi huingizwa ndani ya Bawabu, na tangu hapo hakuna mlango wa serikali utakaomfungukia aingie. Na hakuna raia atakayeruhusiwa kumwamkia, iwe dukani, iwe msibani. Mtu mmoja tu aliwahi kufanya hivyo, akahamia ng'ambo, na nasikia huko ni waziri.

Mzee Hilali alishika nondo. "Mama Chiku, usifanye hivyo. Watu watakupita njiani kama nguzo ya umeme. Wewe unapenda watu."

"Napenda watu," alisema Siwema. "Lakini sikuolewa nao."

Alipoondoka, Mzee Hilali alikaa sakafuni akajifunika uso kwa kofia yake ya reli. Nilitaka kumfariji, ila alikuwa mkubwa wangu na hakuwa ameanza kuongea. Nikasubiri aanze.

Asubuhi yake Siwema aliingia chumba cha wakaguzi bila hodi. Mlinzi aliyekuwepo amesimulia mara nyingi, na kila mara anaomba maji. Hakusema shikamoo. Hakusema hata habari. Alikwenda moja kwa moja akasimama kati ya meza.

"Sikuja kuwaamkia," alisema. "Mmoja wenu ni mjinga, na mwingine anamsubiri. Tieni saini niondoke."

Wazee wale hawakuwahi kusemwa hivyo tangu wazaliwe. Walishika kalamu kwa hasira, wote wawili kwa wakati mmoja, wakatia saini ubavu kwa ubavu bila wa juu wala wa chini, ili tu mwanamke yule atoweke machoni mwao. Na walisaini ule mstari wa kwanza, ule mfupi, bila mbao. Mkaguzi wa tatu alikuwa amejificha nyuma ya kabati. Mlango ulipofungwa nyuma ya Siwema, Mzee Tindwa alimgeukia mwenzake akamwambia, "Umemwona yule?" Mzee Bakuza akajibu, "Nimemwona." Yalikuwa maneno ya kwanza kati yao, na siku hizi wanakunywa kahawa pamoja.

*

Mlango wa Jumba la Mafao ulifunguka kabla ya adhuhuri. Ulitoa kile kilio chake kidogo ambacho tulikuwa tumekisahau, jua likaingia mpaka kwenye mikeka yetu. Wengine walilia. Mimi nililia.

Tukapanga mstari. Mbele kabisa alikuwa Jaji mstaafu Kapalata, ambaye bila shaka ndiye aliyestahili kutoka kwanza. Na kwa kuwa ni muungwana, alimgeukia mama aliyekuwa nyuma yake akamwambia tafadhali tangulia. Mama akasema asilani, yeye atangulie mbele ya jaji? Akamgeukia mgonjwa wa mguu. Mgonjwa akamwonyesha mwalimu, mwalimu akamwonyesha mjamzito, mjamzito akasema yeye bado kijana. Ile tafadhali ikatembea mstari mzima mpaka ukutani, ikageuka, ikarudi kwa Jaji Kapalata, naye akaipokea kwa tabasamu na kuianzisha upya. Nilijisikia fahari kuwa mtu wa nchi hii.

Siwema alikuwa amesimama nje, hatua chache kutoka kizingitini. Hakuweza kusogea zaidi, jina lake lilikuwa limeshaingia. Aliutazama mstari wetu. Kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa katikati, kofia mkononi, akimwambia mtu tafadhali tangulia.

"Baba Chiku," aliita. "Toka."

Mzee Hilali alimtazama Jaji. Akatutazama sisi. Ninavyofikiri, alikumbuka kazi yake ya zamani, maana treni haimpishi mtu. Akavaa kofia, akasema "nipisheni", neno hilohilo tupu, bila tafadhali mbele wala samahani nyuma, akapita. Alimpiga kumbo mwalimu. Alimsogeza Jaji mstaafu kwa bega. Mimi alinikanyaga kidole cha mguu, na mpaka leo kinaniuma kukiwa na baridi. Alipovuka kizingiti kompyuta ililia, jina lake nalo likaingia.

Tuliwatazama kupitia dirisha wakishuka barabara. Watu waliwapita bila kuwaamkia, kama sheria inavyotaka. Wao walikuwa wameshikana mikono na wanacheka kwa sauti kubwa, bila kumjali mtu. Kwa kweli lilikuwa jambo la aibu. Niliangalia mpaka walipokata kona.

Wiki iliyofuata Mheshimiwa Malale alikuja kuzindua mlango. Alisema serikali imejifunza. Sahihisho la Siwema lilichukua asubuhi moja, kwa hiyo masahihisho yote sasa yatapita njia hiyohiyo ya ukorofi, rahisi na ya haraka. Kinachotakiwa ni mwananchi kuomba kwanza kibali cha kuwa mkorofi. Ombi lianze na ukurasa wa salamu. Litasainiwa na wakaguzi wawili, mkubwa kwanza. Tulipiga makofi tukiwa ndani, naye akiwa nje, kwa kuwa alituomba tutoke ndipo aingie.

Mlango bado uko wazi. Bawabu anafanya kazi vizuri sana, anahesabu mpaka kumi, anatukaribisha tutoke, anaanza tena. Jaji Kapalata alifariki mwezi uliopita, Mungu amweke pema, na mstari umesogea, kwa hiyo mimi sasa ni wa tatu kutoka mlangoni. Upepo unanifikia.

Mimi pia nina mke. Huja kila Ijumaa akiwa amevaa vizuri, anasimama nje, mkabala na mimi. Karibu tungeweza kushikana mikono. Lakini mke wangu ni mtu wa adabu, hajawahi kuniita.